Kuhesabu Chembe za Nanomita kwa Nanopori: Mwongozo kwa Maabara Ndogo ya Tanga

Kanuni yenyewe inaelezeka kwa maneno machache. Weka maji ya chumvi pande mbili za utando wenye kitundu kimoja kidogo sana, ambacho ndicho nanopori, tia elektrodi kila upande, kisha pitisha umeme. Mkondo wote unalazimika kupita kwenye kile kitundu. Chembe ikiingia humo inachukua nafasi ya maji ya chumvi, mkondo unashuka kwa muda mfupi, halafu unarudi palepale. Ni kama mkokoteni ulioingia kwenye kichochoro: wapita njia wanapungua mpaka utoke. Idadi ya mishuko inakuambia chembe ni ngapi, na kina cha kila mshuko kinakuambia chembe ile ni kubwa kiasi gani.

Mmarekani Wallace Coulter alipewa hataza ya njia hii mwaka 1953, akiitumia kuhesabu seli za damu. Inasimuliwa kwamba kitundu chake cha kwanza alikitoboa kwa sindano ya moto kwenye karatasi ya plastiki ya pakiti ya sigara. Mwaka 1970 DeBlois na Bean waliishusha njia hiyo hadi chini ya mikromita moja, na mwaka 1996 Kasianowicz na wenzake wakapitisha nyuzi za chembe za urithi kwenye kitundu cha protini. Hii ya mwisho ndiyo iliyozaa mashine za mfukoni za kusoma DNA. Hapa hatufiki huko. Tunapima chembe nzima, za nanomita 100 hadi 250, ambazo hadubini ya mwanga ya shuleni haiwezi kuzionyesha vizuri.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo, kwa sababu wengi wanakuja na hamu ya kuona chembe na kuruka yaliyo mbele yake: kazi kubwa ni kuupata mkondo mtulivu. Mkondo ukitulia, chembe zinajionyesha zenyewe. Usipotulia, kompyuta itakuhesabia feni, jenereta la jirani na unyevu wa pwani, na itakupa namba nzuri kabisa.

Fanya hesabu kabla ya kununua

Kitundu kinachagua chembe. Kwa vitendo, chembe inayopimika vizuri ina kipenyo cha kati ya robo na robo tatu hivi ya kipenyo cha kitundu. Ndogo kuliko hapo inazama kwenye kelele, yaani kuyumbayumba kwa mkondo kusikotokana na chembe; kubwa kuliko hapo inaziba njia. Kwa chembe zetu nachukua kitundu cha nanomita 400 kwenye utando wa nitridi ya silikoni wenye unene wa nanomita 200.

Upitishaji wa kitundu unapatikana kwa kugawanya upitishaji wa myeyusho kwa jumla ya vitu viwili: unene wa utando mara nne ukigawanywa kwa pai mara kipenyo cha kitundu kilichozidishwa kwa chenyewe, na moja gawanya kwa kipenyo. Cha kwanza ni ukinzani wa ndani ya kitundu, cha pili ni ukinzani wa midomo yake miwili. Wanaosahau midomo wanapata jibu la mbali sana, maana kwenye utando mwembamba kama huu midomo ndiyo yenye ukinzani mkubwa zaidi. Kloridi ya potasiamu ya mola 0.1 kwenye nyuzi 25 ina upitishaji wa simensi 1.29 kwa mita. Piga hesabu utapata nanosimensi 315 hivi. Ukiweka milivolti 100, mkondo ni nanoampia 31.5.

Sasa mshuko. Kwa chembe ndogo, sehemu ya mkondo inayopotea ni mchemraba wa kipenyo cha chembe ukigawanywa kwa mraba wa kipenyo cha kitundu mara urefu wa kitundu uliorekebishwa, yaani unene wa utando jumlisha 0.8 ya kipenyo cha kitundu. Chembe ya nanomita 100 inapunguza mkondo kwa asilimia 1.2, sawa na pikoampia 380. Ya nanomita 200 inapunguza mara nane ya hapo, takriban nanoampia 3. Huo mchemraba ni wa kuuogopa na wa kuushukuru. Wa kuuogopa kwa sababu ukipunguza kipenyo cha chembe nusu, mshuko unabaki sehemu moja kati ya nane. Wa kuushukuru kwa sababu ukikosea kina cha mshuko kwa asilimia 10, kipenyo unakikosea kwa asilimia 3 tu.

Andika namba hizi kwenye karatasi uibandike ukutani: 31.5, 0.38, 3. Kila kitu kitakachofuata kinapimwa kwa hizo.

Anza na hamira

Chipu, yaani kipande kidogo kinachobeba utando wenye kitundu kimoja cha nanomita 400, haitengenezwi Tanga. Inaagizwa, ni ghali, na inavunjika kwa kupulizwa vibaya. Kwa hiyo usijifunzie juu yake. Jifunzie kwenye kitundu cha mikromita 20 na seli za hamira, ambazo zina kipenyo cha mikromita 5 hivi. Utando ukiwa na unene wa mikromita 10, uwiano wote ni uleule wa kitundu cha 400 na chembe ya 100, na mshuko ni asilimia 1.2 vilevile. Tofauti ni kwamba mkondo ni mkubwa mara 50, karibu mikroampia 1.6, kwa hiyo hata saketi ya kawaida inauona. Seli hizi hazisukumwi vya kutosha na umeme. Inua chupa ya upande mmoja sentimita chache ili maji yenyewe yazipitishe.

Kijiko kimoja cha hamira ya mandazi kwenye lita moja ya maji ya chumvi kinaleta chembe nyingi mno. Zimua mpaka maji yasionekane na ukungu wowote. Fanya zoezi hili mpaka mkono uzoee kufunga chipu bila kuivunja na jicho lizoee kutofautisha mshuko na kelele. Ndipo ufungue pakiti ya chipu ya ghali.

Elektrodi

Unahitaji waya wa fedha, urefu wa kidole kwa kila upande. Masonara wa mjini wanao, ila fedha ya mikufu kwa kawaida imechanganywa na shaba ili iwe ngumu: fedha sehemu 92.5 kwa 100, iliyobaki shaba. Shaba hiyo inaharibu elektrodi. Mwambie waziwazi, "Fundi, nataka fedha tupu, isiyotiwa shaba, univutie waya wa milimita nusu."

Sugua waya kwa msasa laini hadi ung'ae, uoshe, kisha uuchovye kwenye jiki, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, isiyo na manukato. Utaona rangi ikibadilika mbele yako: kwanza njano hafifu, kisha kahawia, halafu kijivu cheusi chenye uzambarau kidogo. Nusu saa inatosha. Hiyo ni kloridi ya fedha, na ndiyo inayoruhusu mkondo kuvuka kutoka waya kwenda maji bila kuyumba. Osha kwa maji yaliyokenekwa, usifute kwa kitambaa.

Kuzijaribu ni rahisi. Chovya zote mbili kwenye glasi moja ya maji ya chumvi na upime volti kati yake. Zikitofautiana kwa milivolti moja au mbili, zinafaa. Zikitofautiana kwa 20, rudia jiki. Zitunze kwenye chumvi ileile, mbali na jua, kwa sababu kloridi ya fedha inaharibika kwa mwanga.

Maji

Hapa usibanie. Maji yanayouzwa vituo vya mafuta kwa jina la maji ya betri yanafaa betri. Yana vumbi la kutosha kuziba kitundu chako kabla hujakaa. Tafuta maji ya maabara yaliyokenekwa, pima gramu 7.46 za kloridi ya potasiamu kwa lita moja, kisha chuja kwa chujio la sindano la mikromita 0.1. Lile la 0.22 ni rahisi kupatikana, lakini linapitisha chembe za ukubwa uleule unaotaka kuupima, kwa hiyo hesabu yako itaanza na deni.

Chumvi ya kuliwa usiitumie. Ina vitu vingine vilivyotiwa, na kloridi ya sodiamu upitishaji wake ni mdogo zaidi.

Halafu toa hewa. Vuta myeyusho kwenye bomba la sindano, ziba mdomo kwa kidole, vuta mpini kwa nguvu. Vipovu vitatokea kwenye kuta. Gongagonga bomba ili vipovu vipande juu, vitoe, rudia hadi visitokee tena. Katika joto la hapa, maji yaliyotoka kwenye friji ndiyo mabaya kuliko yote: yanapopata joto ndani ya kifaa yanatema hewa yake, na povu moja likikaa juu ya kitundu kazi imesimama. Acha maji yafikie joto la chumba kwanza.

Amplifaya na sanduku lake

Maabara zenye fedha zinatumia amplifaya zilizotengenezwa kwa ajili ya neva na misuli, mfano Axopatch 200B. Kwa kitundu kikubwa kama chetu unaweza kujenga yako. Unahitaji opampu, kijenzi cha kukuza ishara ya umeme, ambayo mkondo wake wa kuingilia ni wa pikoampia chache, pamoja na kinzani cha mrejesho cha megaomu 50. Kwa kinzani hicho kila nanoampia moja inatoka kama milivolti 50, kwa hiyo mshuko wa chembe ya nanomita 100 utakuwa milivolti 19, kitu ambacho kadi ya kawaida ya kuingiza data kwenye kompyuta inakiona bila taabu.

Fundi mzuri wa redio ataichomelea kwa mchana mmoja. Baada ya hapo kuna jambo ambalo fundi wa redio hana sababu ya kulijali, nawe unayo: usafi wa bodi. Redio haidhuriki na uvujaji wa nanoampia moja. Wewe mkondo wako wote ni nanoampia 31. Mabaki ya dawa ya kuchomelea yakikutana na hewa ya Tanga, hasa miezi ya masika, yanatengeneza njia ya umeme juu ya bodi. Osha bodi kwa alkoholi safi na mswaki laini, ikaushe, kisha usiiguse tena kwa vidole. Ndani ya sanduku weka vifuko vya silika vile vinavyokuja kwenye viatu vipya, ukivikausha kwanza kwenye oveni. Plagi za kuunganisha nazo zifute kwa alkoholi kila asubuhi, maana upepo wa bahari unaacha chumvi juu ya kila kitu. Kama dirisha lako linatazama Raskazone, lifunge.

Sanduku lenyewe ni la chuma na limefunika kila upande: kifaa, elektrodi na hatua ya kwanza ya amplifaya vyote ndani. Kopo kubwa la biskuti linafaa sana, mradi kifuniko kiguse bati tupu na si rangi, kwa hiyo kwangua rangi ukingoni. Liunganishe na ethi ya saketi kwenye nukta moja tu. Ukiunganisha ethi sehemu mbili umetengeneza pete, na pete inavuta mlio wa hertzi 50 kutoka nyaya za ukutani.

Mlio huo ndio adui wako wa kila siku. Kwenye skrini unaonekana kama wimbi linalojirudia kila milisekunde 20. Tiba yake ni kuachana na umeme wa ukutani wakati wa kupima: amplifaya iendeshwe na betri mbili za pikipiki, kompyuta ya mapajani ichomolewe chaja, taa za ukutani zizimwe. Umeme ukikatika katikati ya kipimo, furahi, utapata data safi kuliko ya asubuhi, ilimradi jirani asiwashe jenereta.

Feni nayo izimwe, kwa sababu inatikisa meza. Najua ni adhabu kukaa kwenye chumba kilichofungwa dirisha mwezi wa pili bila feni. Kaa nje ya chumba, acha kompyuta irekodi.

Joto nalo lina lake. Upitishaji wa maji ya chumvi unapanda kwa asilimia 2 hivi kwa kila nyuzi moja. Kwa mkondo wa nanoampia 31.5 hiyo ni nanoampia 0.6, zaidi ya mshuko wa chembe ya nanomita 100. Joto linapanda polepole na chembe inapita kwa sehemu ya milisekunde, kwa hiyo havichanganyiki, lakini ukilinganisha kina cha mishuko ya saa mbili asubuhi na ya saa nane mchana bila kulitazama joto, utadhani chembe zimenenepa. Weka kipimajoto ndani ya kopo. Na kina cha mshuko kiandike kwa asilimia ya mkondo wa wakati ule, si kwa pikoampia peke yake.

Kuilowesha chipu

Kitundu kikavu hakipendi maji. Dondoshea kwanza ethanoli ya asilimia 70 pande zote mbili, subiri dakika kadhaa, kisha badilisha polepole kwa maji yaliyokenekwa, halafu kwa myeyusho wa chumvi. Usitumie spiriti ya dukani, ina rangi na vitu vingine vitakavyobaki kwenye utando.

Chipu ishikwe kati ya ringi mbili za mpira. Kaza skrubu kwa zamu, kidogo kidogo, kila moja robo mzunguko. Ukikaza upande mmoja tu chipu inapasuka, na sauti yake hutaisikia. Utaijua kwa mkondo unaoruka hadi mwisho wa kipimo.

Utasoma mahali kwamba vitundu vinasafishwa kwa mchanganyiko wa asidi ya salfuriki na peroksidi ya hidrojeni. Ni kweli, na kwa maabara isiyo na kabati la kufyonza hewa nasema usithubutu. Mchanganyiko ule unachemka wenyewe na unaunguza ngozi.

Mstari ulionyooka

Kabla ya kutia chembe yoyote, badilisha volti kutoka hasi 100 hadi chanya 100 milivolti kwa hatua za 20, na andika mkondo wa kila hatua. Chora. Unataka mstari ulionyooka unaopita sifuri, wenye mwinamo wa karibu nanosimensi 315.

Ukipata sifuri kila mahali, kuna povu. Ukipata nusu ya unachotarajia, kitundu hakijalowa chote au kimezibwa kiasi: rudi kwenye ethanoli. Ukipata mara tano, ringi inavuja au utando umepasuka. Mstari ukipinda upande mmoja wakati chipu ni ya utando bapa, kuna uchafu umekaa kwenye mdomo mmoja. Kama unatumia kitundu cha ncha ya kioo kilichovutwa, kupinda kidogo ni tabia yake, hasa kwenye chumvi hafifu.

Sasa ipime kelele. Rekodi dakika moja kwenye milivolti 100, ukiwa na chujio la umeme la kilohertzi 20 na ukichukua vipimo 100,000 kwa sekunde. Mtawanyiko wa mkondo usizidi pikoampia 76, ambayo ni moja ya tano ya mshuko mdogo unaoutafuta. Ukizidi, usiendelee. Rudi kwenye kopo, ethi, bodi, elektrodi, kwa mpangilio huo. Kuna siku yote itaishia hapo, na siku hiyo haijapotea.

Halafu rekodi dakika 10 za maji matupu ya chumvi, bila chembe. Mishuko utakayoiona humo ni uchafu wako mwenyewe. Ikiwa ni mmoja au miwili, sawa. Ikiwa ni mingi, chuja upya. Kipimo hiki cha maji matupu kifanywe kila siku na faili lake lihifadhiwe pamoja na data. Mtu akikuletea matokeo ya nanopori bila kipimo hicho, mrudishie.

Chembe za kupimia

Nunua chembe za polistirini za ukubwa unaojulikana, nanomita 200. Chupa yenye asilimia 1 ina chembe takriban trilioni 2.3 kwa mililita: gramu 0.01 ukigawanya kwa uzito wa chembe moja, ambao ni ujazo wake mara 1.05. Zimua mara 500 kwa myeyusho wa chumvi wenye Tween 20, aina ya sabuni ya maabara, kidogo sana, asilimia 0.01 hivi, ili zisishikane. Utapata bilioni 4.6 kwa mililita.

Tia upande mmoja. Polistirini kwa kawaida ina chaji hasi, kwa hiyo elektrodi chanya iwe upande wa pili, izivute. Unaweza kusaidia kwa kuinua maji ya upande wenye chembe, lakini usizidishe: kwa safu ya sentimita 10 chembe inavuka kitundu kwa mikrosekunde 45 hivi, na kwa vipimo 100,000 kwa sekunde utabaki na nukta nne tu za kuuchora mshuko wote. Sentimita 2 zinatosha. Tarajia mishuko michache kila sekunde.

Tazama mmoja kwa karibu kabla ya kuiachia programu ihesabu. Mshuko wa kweli una bonde lenye pande mbili, unarudi kwenye mkondo uleule ulioanza nao, na unafanana na wenzake. Ule unaoshuka usirudi ni chembe iliyonasa. Ule unaopanda na kushuka kwa pamoja ni umeme wa nje, mara nyingi swichi ya mtu aliyewasha pasi chumba cha pili. Geuza volti uone: chembe zitaacha kuja au zitapungua sana, kelele ya umeme haitajali. Jaribio hili linachukua dakika moja na linamaliza ubishi mwingi.

Kwa hesabu, lugha ya programu ya Python inatosha. Ondoa mkondo wa msingi kwa kuchukua wastani wa kati wa dirisha la milisekunde 20 linalotembea, weka kizingiti mara tano ya mtawanyiko, na kwa kila mshuko andika saa, kina na upana. Kisha chora mgawanyo wa kina. Utaona kilima kimoja chenye mkia upande wa kina kikubwa: ni chembe zilizopita karibu na ukuta wa kitundu pamoja na zile zilizoshikana mbilimbili. Kilele cha kilima ndicho nanomita 200 yako.

Chembe usizozijua zinapimwa kwa kulinganisha. Kama polistirini ya 200 ilitoa nanoampia 3 na sampuli yako inatoa 1.1, gawanya, toa kipeuo cha tatu, zidisha kwa 200: nanomita 143. Idadi nayo vivyo hivyo, linganisha mishuko kwa dakika chini ya volti ileile na urefu uleule wa maji. Usihesabu kutoka fomula pekee. Fomula ilikusaidia kuchagua kifaa. Kitundu chako halisi si duara kamili.

Sampuli ya kwanza ya kweli: maziwa

Tanga maziwa yapo, na maziwa yana chembe za ukubwa tunaoutaka. Weupe wake hautokani na mafuta tu. Kuna vifundo vya protini ya kasini vilivyoshikwa pamoja na fosfeti ya kalisi, vingi vikiwa kati ya nanomita 100 na 250.

Chukua maziwa mabichi ya siku hiyo. Mtindi haufai, asidi imeshaziunganisha kasini zote. Yalaze kwenye friji usiku, malai yapande, kisha uchukue ya chini kwa sindano ndefu. Matone ya mafuta yana mikromita kadhaa na tone moja linatosha kuziba kitundu. Zimua mara 100,000, chuja kwa chujio la mikromita 0.45, tia, pima ndani ya saa moja.

Maji ya kuzimulia yana siri yake. Kalisi ikikosekana vifundo vinaachana, na utapima chembe zinazopungua huku ukitazama. Ongeza kloridi ya kalisi ya milimola 5, na bafa ya imidazoli, myeyusho unaozuia pH isiyumbe, iweke pH kwenye 7. Bafa ya fosfeti usiiguse, itagongana na kalisi na kutengeneza chembe zako mwenyewe. Kwa kuwa kalisi inaongeza upitishaji kwa karibu asilimia 10, polistirini nayo ipimwe upya kwenye myeyusho huohuo.

Kisha thibitisha. Chukua kiasi kidogo cha maziwa yaliyozimuliwa mara 20 tu, bado yana ukungu mweupe, tia EDTA. EDTA inanyakua kalisi, na ukungu unayeyuka mbele ya macho, glasi inabaki na maji yanayopenya mwanga. Fanya hivyohivyo kwa sampuli ya kitundu: mishuko iliyotoweka baada ya EDTA ilikuwa kasini, iliyobaki ni mafuta na vumbi. Ukiondoa ya pili kwenye ya kwanza una hesabu unayoweza kuitetea mbele ya yeyote.

Watu wataniuliza kuhusu maji ya bahari, kwa kuwa yapo hatua chache. Mililita moja ya maji ya bahari ina virusi takriban milioni 10, wengi wakiwa wadogo kuliko nanomita 100. Kwa kitundu hiki wengi hawaonekani, na hata wangeonekana, kwa wingi huo ungesubiri dakika mbili hivi kwa kila mshuko. Bila kuyakoleza kwanza, ni kupoteza siku. Maji ya bomba yanayotoka bwawa la Mabayani ni kazi nzuri zaidi baada ya mvua, Mto Zigi unaposhuka na udongo wa Usambara, lakini chembe za udongo ni bapa, si duara. Kipenyo utakachopata ni cha duara lenye ujazo sawa nazo, na uandike hivyo kwenye ripoti.

Kitundu kikiziba

Kitaziba. Geuza volti kwa sekunde chache. Isipotosha, inua maji ya upande wa pili ili yasukume kinyume. Isipotosha tena, toa chumvi, tia maji, kisha ethanoli, uiache saa nzima. Mkondo ukirudi kwenye thamani ya asubuhi, endelea. Ukirudi nusu, chora mstari upya na uhesabu kipenyo kipya, au itupe chipu. Usipandishe volti hadi volti nzima ukidhani utakipasua kizibo.

Jioni osha chumvi yote kwa maji yaliyokenekwa kabla chipu haijakauka, kwa sababu fuwele za chumvi zinazokua ndani ya kitundu zinachana utando. Ihifadhi kwenye ethanoli ya asilimia 70 ndani ya kichupa chenye kifuniko kinachobana, na juu ya kifuniko andika tarehe pamoja na nanosimensi ulizopima mara ya mwisho.